Mtunzi Akiondoka, Bendi Hubaki ya Nani? Mjadala juu ya Polaris ya Stratovarius

Aprili 2008 Timo Tolkki, mpiga gitaa wa Stratovarius ya Finland, alitangaza kwamba bendi imekufa. Hakuwa mpiga gitaa tu. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo, na albamu za mwanzo aliziimba mwenyewe. Wenzake walikataa kuzikwa wangali hai. Baada ya pande mbili kujibizana hadharani, Tolkki alitia saini na kuwaachia jina watatu: mwimbaji Timo Kotipelto, mpiga kinanda Jens Johansson na mpiga drams Jörg Michael. Mei 2009, wakiwa na mpiga besi Lauri Porra na kijana mpya wa gitaa, Matias Kupiainen, wakatoa albamu iitwayo Polaris. Ina nyimbo kumi na moja, na hakuna hata mmoja alioutunga Tolkki.

Kwa asiyeujua muziki huu, pawa metali ni roki nzito iendayo mbio: drams zinazopigwa kwa miguu yote miwili, kinanda kinachofukuzana na gitaa, mwimbaji wa sauti ya juu, na viitikio vinavyotungwa ili umati mzima uimbe. Wajerumani wa Helloween waliufungulia njia miaka ya 1980, na Wafini wakaupokea kwa mikono miwili. Ni muziki unaomtegemea sana mtunzi, kwa hiyo kisa cha Stratovarius kina uzito zaidi kuliko cha bendi iliyobadilisha mpiga besi.

Hoja nimezigawa katika vinywa vitatu. MPWA ni binti anayepiga gitaa, na Stratovarius ndiyo iliyomtia wazimu. MJOMBA wake alipiga besi katika bendi za dansi za Dar es Salaam mpaka vidole vikagoma. WAKILI ni jirani yao anayeshughulikia mambo ya hakimiliki, na muziki wenyewe haupendi. Mimi nitaingilia panaponiwasha.

MPWA: Naanza bila kuzunguka. Polaris ni albamu ya bendi nyingine iliyopewa jina la marehemu. Muziki wa "Black Diamond" ulitungwa na nani? Tolkki. "Speed of Light"? Tolkki. "Hunting High and Low"? Yeye huyo huyo. Ukimwondoa, umebakiwa na watu hodari wanaojua kupiga nyimbo zake.

MJOMBA: Huyo Tolkki ndiye aliyeianzisha bendi?

MPWA: Karibu, Mjomba.

MJOMBA: "Karibu" si jibu, mwanangu.

MPWA: Haya. Bendi ilianza Helsinki mwaka 1984 kwa jina la Black Water. Mmoja wa waanzilishi alikuwa mpiga drams, Tuomo Lassila, naye ndiye aliyekuwa akiimba. Tolkki aliingia baadaye.

MJOMBA: Na Lassila yuko wapi?

MPWA: Aliondoka baada ya albamu ya Fourth Dimension ya 1995, yeye na mpiga kinanda Antti Ikonen. Nafasi zao zikachukuliwa na Michael, ambaye ni Mjerumani, na Johansson, Mswidi aliyekwisha kupiga na Yngwie Malmsteen. Episode ya 1996 ndiyo ya kwanza kwao.

MJOMBA: Kwa hiyo Visions ya 1997, hiyo unayoiapia kila siku, haina mwanzilishi hata mmoja.

MPWA: Haina.

MJOMBA: Wala sijakusikia ukiilalamikia.

MPWA: Kwa sababu ni nzuri!

MJOMBA: Ahaa.

Hapo mzee amemshika, na si yeye peke yake. Mashabiki wa bendi huanza kuhesabu uhalali tangu mwaka ule waliofungua masikio yao. Kilichotokea kabla ya hapo ni historia, kilichotokea baada yake ni usaliti. Mwaka 1994, Tolkki alipomkabidhi Kotipelto kipaza sauti ili yeye abaki na gitaa, kuna waliozoea sauti ya zamani. Leo Kotipelto ndiye sauti ya zamani.

MPWA: Lakini Mjomba, mimi sizungumzii mwanzilishi. Nazungumzia mkono. Lassila aliondoka, Ikonen akaondoka, mkono ukabaki. Tolkki ana namna yake: kinanda kinafungua peke yake kwa mlio ule wa vinanda vya kale vya Ulaya, gitaa linaingia juu yake, ubeti unashuka, halafu kiitikio kinapanda mpaka unahisi dari itafunguka. Niwekee wapigaji wengine wote, nitamtambua kabla kiitikio hakijaisha. Huo mkono ndio ulioondoka 2008.

MJOMBA: Nakusikia. Ila mimi nimekulia mahali ambapo bendi ina kitu kinaitwa mtindo, na mtindo hauna mtu mmoja. Chukua NUTA Jazz ya 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi ikawa JUWATA, ikaja kuwa OTTU, mwisho Msondo Ngoma. Waimbaji walihama, wapigaji wakafariki, wengine wakanunuliwa na bendi za upande wa pili. Watu waliendelea kwenda kuicheza Msondo, na Msondo lilikuwa jina la mtindo kabla halijawa jina la bendi. Mtindo unakaa kwenye mazoezi. Anaingia kijana, anakaa nyuma, anasikiliza besi inavyosubiri tumba, baada ya miezi anaushika bila kufundishwa.

MPWA: Msondo ilikuwa na watunzi wengi. Stratovarius ilikuwa na mmoja, na wengine wakichangia pembeni.

MJOMBA: Hapo ndipo kosa lilipokuwa, kabla hata ya kugombana.

WAKILI: Naomba niingie, maana mnachanganya vitu vitatu. Kuna jina, kuna utunzi, kuna rekodi. Jina ni mali ya kibiashara, linaweza kuhama kwa saini, na ndivyo lilivyohama. Utunzi hauhami kwa namna hiyo: aliyetunga "Black Diamond" ataitwa mtunzi wake hata bendi ikipigwa mnada. Rekodi, mara nyingi, ni ya aliyelipia studio au ya aliyetajwa katika mkataba. Tolkki aliwaachia jina. Nyimbo alizokuwa ameziandaa kwa ajili ya albamu iliyofuata ya Stratovarius alikwenda nazo. Kwa macho yangu waligawana urithi: mmoja amechukua mbegu, wengine wamebaki na shamba.

MPWA: Na nani alipunjika?

WAKILI: Kwa kawaida anayepunjika ni aliyekosa jina. Wimbo mpya utatungwa mwezi ujao. Jina lililojulikana kwa miaka ishirini halitungwi. Ndiyo maana watu wanaumizana kwa ajili yake. Angalieni Queensrÿche wa Marekani. Mwaka 2012 walitengana na mwimbaji wao Geoff Tate, kesi ikaenda mahakamani, na jaji akaruhusu pande zote mbili zitumie jina hilo wakati shauri likiendelea. Mwaka 2013 kila upande ukatoa albamu yake kwa jina lile lile. Mnunuzi anafika dukani, anakuta Queensrÿche mbili. Walipatana 2014, jina likabaki kwa wapigaji. Ukilinganisha na huko, saini ya Tolkki ilikuwa uungwana mkubwa, hata kama aliiweka akiwa na hasira.

MJOMBA: Bi Wakili, huyo Tolkki angeng'ang'ania jina, angeweza?

WAKILI: Angeweza kusumbua. Mtu aliyeiongoza bendi miaka yote hiyo hakosi hoja ya kumpeleka mbele ya jaji. Na kusumbua kunatosha kuzuia albamu isitoke.

Nakubaliana na Wakili, na naona sifa hii Tolkki hapewi vya kutosha. Miaka ile ilikuwa migumu kwake. Bendi ilikwisha kuvunjika na kuungwa kati ya 2004 na 2005, na mwenyewe ameongea hadharani kuhusu maradhi ya akili yaliyompata. Tangazo lake la 2008 lilikuwa la jazba. Saini iliyofuata haikuwa ya jazba. Bila saini hiyo tungekuwa tunajadili hukumu ya mahakama badala ya muziki.

MPWA: Haya, tuuache upande wa karatasi, tusikilize. Juni 2008 zile nyimbo alizoondoka nazo zilitoka chini ya jina jipya, Revolution Renaissance, albamu ikiitwa New Era. Waimbaji ni watatu: Michael Kiske aliyewahi kuwa wa Helloween, Tobias Sammet wa Edguy, na Pasi Rantanen wa Thunderstone. Nasema hivi: ukifunika kasha na kumwekea mtu New Era na Polaris, akaulizwa ipi ni Stratovarius, atasema New Era. Viitikio ni vile vile. Ile ndiyo albamu halali, imezaliwa nje ya ndoa tu.

MJOMBA: Nimeisikiliza ulivyoniletea. Nyimbo nzuri. Lakini ni nyimbo zilizopewa wageni. Huyu Kiske anaimba kama malaika, sikatai, ila anaimba juu ya bendi, haimbi ndani yake. Drams hazijui mwimbaji atavuta pumzi wapi. Wamekodiwa, wamefanya kazi nzuri, wamekwenda nyumbani. Kwenye Polaris, ule wimbo wa kwanza...

MPWA: "Deep Unknown".

MJOMBA: Huo. Sikiliza Jörg Michael na Porra wanavyotembea pamoja. Michael na mwenye kinanda walikuwa pamoja tangu Episode. Besi haikimbizwi, inajua kuna ukuta nyuma yake. Hicho hakipatikani kwa mkataba wa wiki mbili. Shida ya Polaris ni nyingine: bendi ipo, inatafuta nyimbo.

MPWA: Basi nimekushika mimi sasa! Kama inatafuta nyimbo, hiyo ndiyo hoja yangu. "Forever Is Today", "Higher We Go": mbio zile zile, kiitikio kile kile cha kupanda, ungeweza kuzichomeka kwenye albamu ya 1998 na hakuna ambaye angeuliza. Kupiainen ni mpigaji wa hatari, vidole vyake vinafika pasipofikika, lakini kwenye albamu hii amejificha. Anapiga kama mtu aliyeambiwa asimwamshe mwenye nyumba.

WAKILI: Kwa nini aogope? Mwenye nyumba ameshahama na hati ametoa.

MJOMBA: Wewe hujawahi kurithi nafasi ya mtu jukwaani. Ngoja nikwambie. Unaingia kwenye bendi, aliyekuwepo kabla yako anapendwa. Ukipiga vile vile alivyopiga, watasema kasuku. Ukibadilisha hata noti tatu, mtu atapiga kelele kutoka kwenye meza ya mbele kwamba siyo hivyo. Na usiku ule ule utungo wa huyo aliyeondoka ndio unaokulipa. Kijana huyu ametoka studio na nyimbo kumi na moja mpya, halafu akapanda jukwaani kupiga solo za Tolkki, noti kwa noti, mbele ya watu walioziimba tangu utotoni. Albamu ya kwanza ya mrithi siku zote ni ya adabu. Ukitaka kumjua, subiri ya pili na ya tatu.

MPWA: Ya pili ni Elysium, 2011. Wimbo wenye jina la albamu una dakika kama kumi na nane.

MJOMBA: Unaona? Mwenye adabu hatungi wimbo wa dakika kumi na nane.

MPWA: Na ya tatu ni Nemesis ya 2013. Hiyo Kupiainen aliisimamia mwenyewe studio. Sauti ni ya giza, kinanda kimekuwa cha kisasa, magitaa yameshuka chini, na drams ni za Rolf Pilve maana Michael alikuwa ameaga 2012.

MJOMBA: Na unaionaje?

MPWA: Naipenda kuliko Infinite ya enzi za Tolkki.

MJOMBA: Basi.

MPWA: Hapana, siyo basi! Kuipenda Nemesis hakuifanyi Polaris kuwa albamu kubwa.

Yuko sahihi, na hapa ndipo wanaoitetea Polaris hujikwaa: huipa sifa za watoto wake. Albamu lazima isikilizwe kwa ilichobeba yenyewe. Ninachokiona ndani yake ni kazi isiyolingana. Mbio zake hazina jipya, Mpwa amesema kweli. Lakini inapopunguza mwendo, inapata pumzi ambayo bendi ya zamani haikuwa nayo. "King of Nothing" inatembea kwa hatua nzito na Johansson anaijaza baridi badala ya mapambo. "Winter Skies" ina huzuni isiyolia. Na karibu na mwisho kuna kazi ya sehemu mbili, "Emancipation Suite", ikifuatiwa na "When Mountains Fall", ambayo karibu haina roki ndani yake. Hizo ni za Porra, mpiga besi.

Porra ni kitukuu cha Jean Sibelius, mtunzi mkuu wa taifa la Finland. Kila makala juu yake hulitaja hilo, na hii nayo imelitaja. Mwenyewe hutunga pia kwa okestra, kwa hiyo damu haimsaidii kuliko shule. La maana kwetu ni kwamba chini ya Tolkki mpiga besi hakuwa na nafasi ya kuifunga albamu kwa utungo wake. Mkono mmoja ulipoondoka, mikono minne iliyokuwa imekunjwa ilifunguka. Mingine ilikuwa imekufa ganzi kidogo, na hilo linasikika.

WAKILI: Niulize kama mtu wa nje. Nightwish, Wafini wenzao, nao si walibadilisha mtu? Hata mimi nilisikia kelele zake.

MPWA: Kelele zilikuwa kubwa zaidi. Oktoba 2005, baada ya onyesho Helsinki, walimpa mwimbaji wao Tarja Turunen barua ya kumwachisha, wakaichapisha hadharani. Mwaka 2007 wakatoa Dark Passion Play na mwimbaji mpya, Anette Olzon wa Sweden. Tuomas Holopainen, anayetunga karibu kila kitu, hakwenda popote.

WAKILI: Basi kwa hoja yako ya mkono, Nightwish haikubadilika hata kidogo.

MPWA: ...

WAKILI: Na bado watu walilia barabarani.

MPWA: Ile sauti ilikuwa ya pekee, Bi Wakili. Ya opera. Huwezi kuibadilisha.

WAKILI: Basi ni sauti au ni mkono? Chagua moja, nikuandikie hati ya madai.

MJOMBA: Usimwonee. Anachotaka kusema, na hata mimi nakubali, ni kwamba mpigaji anaisikia bendi kwa mkono, mnunuzi wa tiketi anaisikia kwa sauti. Yeye ni mpiga gitaa, ndiyo maana anamlilia Tolkki. Umati ulimsikia Kotipelto anafungua mdomo, ukajua uko nyumbani.

MPWA: Ina maana Kotipelto angeondoka na Tolkki abaki...

MJOMBA: Ndiyo hiyo New Era yako. Mkono upo, sauti haipo. Bendi hiyo iliishi muda gani?

MPWA: Albamu tatu. Ya mwisho Trinity, 2010, halafu akaivunja.

WAKILI: Na wenye jina?

MPWA: Wapo. Survive ilitoka 2022.

MJOMBA: Mimi sina la kuongeza.

MPWA: Mimi ninalo moja. Kudumu siyo ushahidi. Bendi mbaya nazo hudumu.

Jibu hilo nalipenda, ingawa mwisho sikubaliani naye. Hoja ya kudumu ni dhaifu kweli; jina kubwa hubeba hata mzigo wa hovyo. Hoja yenye nguvu ni ile aliyoigusa Mjomba bila kuifuata: nani aliyebaki na jukumu la kupanda jukwaani kila usiku na kuzipiga nyimbo za zamani kama inavyopasa? Aliyechukua jina alichukua na deni hilo. Kotipelto na wenzake hawakuweza kulilipa kwa kupiga nyimbo za Tolkki peke yake, kwa kuwa hapo wangekuwa bendi ya kumbukumbu inayojiigiza. Walihitaji albamu yao wenyewe, hata ya wastani, ili waweze kusimama mbele ya watu na kuzipiga zile za zamani bila aibu. Polaris ilifanya kazi hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Polaris ni albamu halali ya Stratovarius, na siyo miongoni mwa bora zake. New Era ina viitikio vizuri zaidi na haina bendi. Anayetaka kuwasikia warithi wakiwa wamevua viatu vya mwenzao na kuvaa vyao aende moja kwa moja kwenye Nemesis, halafu arudi nyuma kuisikiliza "When Mountains Fall". Na "Black Diamond" bado wanaipiga.